Mtaro Usiozinduliwa: Kumbukumbu za Mapato na Matumizi ya Mji Mdogo

Mamlaka ya mji mdogo, kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za Tanzania Bara, ni eneo lililokua kupita kiasi cha kijiji lakini ambalo halijafikia hadhi ya kuwa na halmashauri yake lenyewe. Huongozwa na baraza la wenyeviti wa vitongoji likisaidiwa na ofisa mtendaji, ilhali sehemu kubwa ya fedha, pamoja na uamuzi juu ya fedha hizo, hubaki kwa halmashauri ya wilaya. Hali hiyo huyafanya maswali ya mapato na matumizi kuwa makali zaidi katika miji midogo kuliko katika majiji, kwa kuwa mkazi huona ushuru ukikusanywa mbele ya meza yake ya biashara kila asubuhi, kisha uamuzi wa namna ya kuutumia hufanyika mbali, katika ukumbi ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Kumbukumbu zilizomo katika makala haya zimeamshwa na pendekezo lililofikishwa mbele ya wakazi wa mji mmoja mdogo ulioko chini ya milima ya Usambara, kwenye njia ya reli ya Tanga, la kuiondoa stendi ya mabasi katikati ya mji na kuijenga upya pembezoni, kwa hoja kwamba stendi ya sasa imezidiwa na kwamba mpya itaongeza mapato. Hoja hiyo ina uzito wake na haistahili kubezwa. Hata hivyo mwandishi, aliyezaliwa katika mji huo na wazazi waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akafundisha shule ya msingi hapo hapo kwa miaka mingi na kuketi katika kamati kadhaa za maendeleo, ameshuhudia mara nyingi majengo ya umma yakisimamishwa kwa shangwe na kuachwa yachakae, kiasi kwamba hawezi kusoma pendekezo lolote la ujenzi bila kutafuta ndani yake fungu la matengenezo, yaani fedha zinazotengwa kila mwaka ili kilichojengwa kiendelee kufanya kazi. Katika rasimu iliyosomwa kwa wakazi, fungu hilo halikuwemo.

Kisa cha kwanza ni cha utotoni. Mwaka 1972 serikali ilianzisha utaratibu uliojulikana kama Madaraka Mikoani, ambao ulikusudia kuwasogeza watumishi wa serikali kuu karibu na wananchi, lakini ambao katika utekelezaji wake ulizifuta halmashauri za wilaya na, muda mfupi baadaye, za miji, na kazi zake zikakabidhiwa kamati na maofisa wa kuteuliwa. Mtoto wa umri wa mwandishi hakujua lolote kuhusu mabadiliko hayo ya kisheria. Alichokiona ni kwamba wafagizi waliokuwa wakizibua mtaro wa nyuma ya soko kila alfajiri walipungua, kisha wakatoweka, na kwamba bwana afya, ambaye awali alipita duka hadi duka akikagua maji ya kunywa na vyoo, alianza kuonekana kwa nadra. Mtaro ulijaa maganda ya miwa na majivu ya mama lishe, maji yakatuama, na masika yalipofika uchafu wote ukaingia sokoni. Katika miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kilisambaa sehemu nyingi za nchi, na wazazi wa mjini hapo wakawakataza watoto kununua chochote kilichopikwa karibu na mtaro ule.

Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na za wilaya zikarejea mwaka 1984 chini ya sheria zilizotungwa mwaka 1982; wanaoandika historia ya serikali za mitaa hutaja kuzorota kwa usafi wa miji na mlipuko wa kipindupindu miongoni mwa sababu zilizoharakisha urejeshwaji huo. Kwa mwandishi, fundisho la miaka ile ni kwamba kazi za kwanza za serikali ya mji ni zile ambazo hakuna anayezitambua wakati zinafanyika: kuzibua, kufagia, kukagua, kuondoa taka. Kazi hizo hazihitaji mkopo wala mfadhili, ila zinahitaji mishahara midogo ilipwe bila kukosa kila mwezi, na ulipaji huo wa kila mwezi ndio ambao bajeti za mji zimeshindwa kuulinda kwa zaidi ya nusu karne.

Baada ya halmashauri kurejea, mojawapo ya vyanzo vyake vya mapato ilikuwa kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, jina lililorithiwa kutoka ukoloni. Mwandishi alikuwa mwalimu kijana wakati mgambo walipokuwa wakiweka kizuizi kwenye barabara ya kuingia mjini siku za gulio, wakishusha wanaume kwenye magari na kudai stakabadhi. Wasiokuwa nazo walikimbilia ndani ya mashamba ya mkonge na kushinda humo hadi jua lilipotua. Mzee mmoja, mkata mkonge mstaafu, aliyefikishwa mbele ya mtendaji wa kata kwa kosa la kutolipa, alizungumza na mwandishi siku ile ile akiwa bado na vumbi la safari. "Mwalimu, mimi sikatai kulipa," alisema. "Nionyesheni japo taa moja tu iliyowashwa na hicho kichwa changu." Mwandishi hakuwa na taa ya kumwonyesha. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na ufutaji wake ulikuwa wa haki, kwa kuwa ilimtoza mtu maskini karibu sawa na mwenye duka. Lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku, yaani fedha zinazoshushwa na serikali kuu kwa ajili ya matumizi yaliyokwisha kupangwa, na tangu hapo mkazi alizidi kuzoea kuitazama halmashauri kama mlango wa kupitishia fedha za wengine, ambazo hana haki ya kuzihoji kwa sababu hakuzitoa yeye. Mazoea hayo yana madhara zaidi kuliko ukwepaji wa kodi wenyewe.

Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya ujenzi mkubwa wa taasisi za jamii. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulianza mwaka 2002, ule wa sekondari ukafuata mwaka 2004 na kuleta shule za kata, na mwaka 2007 ukaja mpango wa afya ya msingi uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mwandishi aliteuliwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati katika kitongoji kilicho upande wa pili wa reli. Wakazi walifanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo: wanaume walichimba msingi na kusomba mawe kutoka mtoni, wanawake walibeba maji na mchanga, na kila kaya ikachangia fedha za saruji. Kuta zilifika kwenye lenta, ambayo ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na hapo makubaliano yalikuwa kwamba halmashauri ingetoa mbao za kenchi na bati. Bati hazikufika mwaka huo, wala uliofuata. Jengo la namna hiyo huitwa boma, na maboma ya zahanati na madarasa yamesimama katika kila mkoa wa nchi hii yakisubiri paa. Lile la ng'ambo ya reli liliezekwa hatimaye, baada ya ukuta mmoja kubomolewa na mvua na kujengwa tena, lakini wakazi wa kitongoji kile walipoitwa kwenye msaragambo mwingine walijitokeza wachache, nao walikuwa wazee. Anayelaumu uvivu wa wananchi wa siku hizi angepaswa kwanza kuhesabu maboma yaliyomo katika kata yake.

Kisa kinachobeba uzito mkubwa kuliko vingine ni cha choo cha soko. Soko lilijengwa upya kwa fedha za halmashauri zikichanganywa na za mfadhili, likawa na vizimba vya saruji, paa la bati na choo cha kulipia, ambacho kuendeshwa kwake kulitolewa kwa zabuni. Mshindi wa zabuni, anayeitwa wakala, hulipa halmashauri kiasi maalumu kila mwezi na kubaki na kinachozidi. Mpango huo ulikwenda vizuri hadi shimo la maji taka lilipojaa. Wakala alieleza kwamba mkataba wake haukutaja kunyonya shimo. Mtendaji wa mji alieleza kwamba hakuna kasma, neno linalomaanisha kifungu mahususi cha bajeti ambacho fedha zake haziruhusiwi kutumika kwa jambo jingine. Na wilaya ikaeleza kwamba jambo hilo lingeingizwa kwenye mwaka wa fedha unaofuata, ambao huanza tarehe 1 Julai. Kila mmoja wao, kwa mujibu wa karatasi zake, alikuwa sahihi. Choo kikafungwa kwa kufuli, na wafanyabiashara pamoja na wateja wao wakarudi kwenye mtaro wa nyuma ya soko.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule, na baada ya wanaume kadhaa kusema kwa ghadhabu na kukaa chini, alisimama mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza ndizi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumsikia akizungumza mkutanoni. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi za ushuru wa kizimba, kwa kuwa hakuwahi kuitupa hata moja. Mtendaji, kijana aliyehamia karibuni, alimwambia kwa heshima kwamba suala la shimo lilikuwa mikononi mwa wilaya. Yule mama akamjibu: "Mwanangu, ushuru unauchukulia hapa hapa. Inakuwaje choo kikijaa kinageuka cha wilaya?" Kisha aliwaomba wenzake wa vizimba wataje kila mmoja anacholipa kwa siku, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa jirani yake akajumlisha ubaoni. Ilibainika mbele ya watu wote kwamba ushuru wa siku chache tu za soko lile ulitosha kulipa lori la kunyonya maji taka. Shimo lilinyonywa kabla ya mwezi kwisha, na hakuna sheria iliyovunjwa ili linyonywe, kwa sababu fedha zilipatikana katika kasma ya usafi ambayo ilikuwepo tangu mwanzo.

Mwandishi amelitafakari tukio hilo kuliko yote aliyowahi kuyashuhudia katika uongozi wa mji. Taarifa za mapato na matumizi zilikuwa zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, kama miongozo inavyozitaka halmashauri zifanye, lakini zilibandikwa zikiwa jumla ya wilaya nzima, kwa tarakimu za mamilioni ambazo muuza ndizi hawezi kuzihusisha na kizimba chake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayewajibika chini ya ibara ya 143 ya Katiba, zimeeleza kwa miaka mingi fedha zilizokusanywa kwa mashine za ushuru bila kufikishwa benki, na ripoti hizo hupokewa bungeni na kuzungumzwa redioni. Wanaosimama sokoni hawana namna ya kujua kama mashine iliyotajwa ni ile iliyowatoza wao. Uwazi wa hesabu humfaa mkazi pale tu unapofika kwenye kiwango cha kitu anachokigusa: soko hili liliingiza kiasi hiki, choo hiki kilitumia kiasi hiki. Halmashauri nyingi zina takwimu hizo kwenye mifumo yao, na kuzitenganisha kwa kila soko na kila stendi ni kazi ndogo kwa mhasibu aliyeagizwa kuifanya.

Mtaro wenyewe ulikuja kupata mkanganyiko mpya. Tarehe 1 Julai 2017 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kazi na kuchukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri, na fedha zake hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye tozo ya mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizo. Barabara za mji kwa kweli zimekuwa bora kuliko zamani, na haki inataka hilo lisemwe. Lakini mtaro unaoanzia kando ya barabara, ukapita chini ya kalvati na kuingia nyuma ya soko, ulijikuta una wenyewe wawili: sehemu ya barabarani ni ya wakala wa taifa, na sehemu ya sokoni ni ya halmashauri. Mwaka ambao mafundi wa barabara waliuzibua upande wao vizuri, maji yalishuka kwa kasi na kutuama upande ambao haukuwa wao. Wakazi waliandika barua mbili kwa ofisi mbili na kupata majibu mawili ya adabu.

Taa za barabarani za nguvu ya jua zinastahili kutajwa kwa ufupi. Zilisimikwa, zikapendeza, wanawake waliokuwa wakifunga vibanda saa kumi na mbili wakaweza kuuza hadi saa tatu usiku, na betri zilipochoka zikazimika moja baada ya nyingine, kwa sababu aliyezinunua hakununua betri za pili. Nguzo zake bado zimesimama.

Kuna sababu inayofanya hali hii ijirudie, nayo haitokani na ubaya wa mtu yeyote. Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa kwa mara ya kwanza kileleni Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, huzunguka nchi kila mwaka, na viongozi wa mbio zake huweka mawe ya msingi, huzindua miradi na huikagua. Mwandishi ameshuhudia mkandarasi akirekebisha zege kwa hofu ya ukaguzi huo, na hilo ni jambo jema. Lakini mtaro uliozibuliwa hauna jiwe la msingi, na hakuna utepe unaokatwa kwa sababu bomba lililovuja limefungwa. Miongozo ya bajeti nayo imezitaka halmashauri zitenge asilimia 40 au 60 ya mapato ya ndani, kutegemea uwezo wa kila moja, kwa miradi ya maendeleo, agizo lililolenga kuzuia fedha zisiishie kwenye posho. Kinachobaki hulazimika kubeba uendeshaji wote, na matengenezo huwa ya kwanza kukatwa kwa kuwa bati lililotoboka halidai siku hiyo hiyo. Diwani aliyejenga huchaguliwa tena, naye aliyetunza hukosa la kuonyesha kwenye kampeni, na wapiga kura, mwandishi akiwa mmoja wao, ndio wanaopima hivyo.

Uhusiano wa anayetoa na anayetumia umezidi kulegea katika miaka ya karibuni. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, kwanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500. Ni njia rahisi na haina mgambo, na ukilinganisha na vizuizi vya barabarani vya zamani ni hatua kubwa ya utu. Hata hivyo mpangaji wa chumba kimoja katika mji huu hulipia nyumba isiyo yake na hajui fedha hiyo inaishia wapi, na alipoulizwa na mwandishi kama hulipa kodi ya majengo alikana kabisa, kwa sababu aliyoyaona kwenye ujumbe wa simu ni makato ya umeme. Raia asiyejua kwamba amelipa hawezi kuuliza alicholipia.

Upo mfano unaoonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini kwa shilingi milioni 20 kila moja. Tarakimu hiyo ilitangazwa wazi, ikajulikana vibarazani na kwenye vijiwe vya bodaboda, na kwa hiyo ujenzi ulipoanza katika shule aliyowahi kufundisha mwandishi, mafundi, wazazi na hata wanafunzi wakubwa walikuwa na kipimo mkononi: waliuliza idadi ya mifuko ya saruji, walihesabu bati, na fundi aliyeleta nondo nyembamba alirudishwa nazo na mjumbe wa kamati ambaye hakuwa na elimu zaidi ya darasa la saba. Madarasa yale yalikamilika kwa wakati. Bei iliyojulikana kwa kila mtu ilifanya kazi ambayo mihuri na saini nyingi zilikuwa zimeshindwa kuifanya kwenye boma la zahanati.

Kwa kipimo hicho hicho ndivyo stendi mpya inavyopaswa kujadiliwa. Ikijengwa pembezoni, abiria atokaye milimani na gunia la viazi atalazimika kumlipa bodaboda ili afike sokoni, na mama lishe wanaoishi kwa wateja wa stendi ya sasa watahama au watafunga. Gharama hizo hazimo kwenye rasimu, ingawa wakazi ndio watakaozilipa. Mapato yaliyotarajiwa yamo, lakini gharama ya kunyonya mashimo ya vyoo vyake, kubadili taa, kuziba paa na kumlipa mfagizi haimo. Maoni ya mwandishi ni kwamba pendekezo hilo lisipitishwe katika sura yake ya sasa. Stendi iliyopo ina nafasi ya kupanuliwa upande wa ghala la zamani, na sehemu tu ya fedha zinazoombwa ingetosha kujenga mtaro wa zege kutoka kalvati hadi mtoni, kwa makubaliano ya maandishi kati ya wakala wa barabara na halmashauri kuhusu nani atauzibua, lini na kwa kasma ipi.

Wenyeviti wa vitongoji na diwani wanaombwa waidai taarifa ya mapato ya stendi na soko, kila moja peke yake, kabla ya kuinua mikono kuunga mkono jambo lolote. Mkutano wa kuijadili rasimu hiyo uko wazi kwa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18, na kila anayelipa ushuru sokoni au kununua umeme kwa LUKU anaombwa ahudhurie, akiwa na stakabadhi zake mkononi.